Vivien Thomas: Seremala aliyewafunza madaktari kupasua moyo

Ukiishi Nairobi miaka kadhaa, lazima umewahi kuona ile fulana ya mbio za Hospitali ya Mater, zile za kuchangia watoto wenye matatizo ya moyo. Mimi niliinunua nikiwa kidato cha tatu. Nikakimbia kama kilomita mbili hivi, nikachoka, nikapanda matatu nikarudi nyumbani. Fulana nikaivaa miaka mitatu. Lakini sikuwahi kujiuliza mtoto anapataje ugonjwa wa moyo kabla hata hajajua kutembea, wala ni nani aliyethubutu mara ya kwanza kumpasua kifua mtoto wa umri huo.

Jibu la hilo swali la pili lina majina matatu. Mawili yamekuwa kwenye vitabu vya udaktari tangu 1945. La tatu lilichelewa sana kuingia, na ndilo limenileta hapa leo, kwa sababu mwenyewe hakuwa daktari. Hakuwa na digrii ya kitu chochote. Alikuwa seremala, Mmarekani mweusi, na aliitwa Vivien Thomas.

Ngoja kwanza tuelewane kuhusu makaratasi. Hapa kwetu, ukitaka kuwa daktari wa moyo, unaanza na alama za juu kabisa kwenye KCSE. Halafu miaka sita ya shahada ya udaktari. Halafu mwaka mzima wa kufanya kazi hospitalini chini ya macho ya wakubwa, ndipo baraza la madaktari likusajili. Hapo bado wewe ni daktari wa kawaida tu. Unarudi darasani kwa uzamili wa magonjwa ya ndani au ya watoto, kisha ndio unaanza kubobea kwenye moyo wenyewe. Na huyo ni yule wa kusikiliza kifua, kusoma mashine, kutoa dawa na kujua tatizo liko wapi. Anayeshika kisu ni mwingine, amepitia njia yake ya upasuaji, ndefu vilevile. Piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya miaka kumi.

Vivien Thomas alikuwa tayari kwa safari kama hiyo. Alizaliwa Louisiana mwaka wa 1910, akalelewa Nashville, jimbo la Tennessee. Babake alikuwa fundi seremala, na watoto walijifunza kushika msumeno na randa mapema, mchana shule, jioni kazi. Kijana akaamua atakuwa daktari. Akamaliza shule ya upili mwaka wa 1929, huku kila senti anayopata kwenye useremala akiiweka benki kwa ajili ya karo.

Oktoba mwaka huohuo soko la hisa la New York likaporomoka na uchumi wa Marekani ukaenda nalo. Kazi za ujenzi zikakauka. Thomas alikuwa akifanya kazi ya useremala katika Chuo Kikuu cha Fisk, na akafutwa. Mapema 1930, rafiki yake akamwambia kuna daktari pale Chuo Kikuu cha Vanderbilt anatafuta msaidizi wa maabara. Mshahara dola 12 kwa wiki. Akasema sawa, nitashikilia hapa kwa muda mambo yakitulia, kisha niende chuo. Kabla mwaka haujaisha, benki iliyokuwa na akiba yake ikafungwa, na pesa zikaenda nayo.

Hebu fikiria hilo. Umekata mbao tangu ukiwa mtoto, umejinyima, na asubuhi moja unakuta mlango wa benki umefungwa na hakuna wa kukuambia kitu. Ule muda mfupi aliopanga kukaa maabara uligeuka miaka karibu 50.

Daktari mwenyewe aliitwa Alfred Blalock. Mzungu wa Georgia, umri wa miaka 30 tu, mvutaji sigara, mwenye haraka zake na hasira zake. Alikuwa anatafiti ile hali ya mwili kuzimika baada ya ajali kubwa: mtu amevunjwavunjwa, shinikizo la damu linashuka na kushuka, anakufa hata kama kidonda chenyewe hakingepaswa kumuua. Wataalamu wengi wa wakati huo waliamini kuna sumu inayotoka kwenye nyama iliyopondeka. Blalock alishuku jambo jingine, na alihitaji mikono ya kumsaidia kulithibitisha, kwa sababu muda wake mwingi ulikuwa hospitalini na darasani.

Mikono hiyo ikawa ya Thomas. Katika muda mfupi sana alikuwa anawalaza mbwa usingizi, anawafungua, anapima shinikizo la damu, anachanganya kemikali na kuandika matokeo, yote peke yake. Usiku anasoma vitabu vya kemia na vya jinsi mwili unavyofanya kazi. Wawili hao wakaonyesha kwamba kinachoua ni damu na maji kuvuja kutoka kwenye mishipa, na kwamba dawa yake ni kumrudishia mgonjwa kile alichopoteza. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipokuja, wanajeshi wengi waliongezewa damu na plazma kwa sababu ya ujuzi huo.

Na kwenye vitabu vya malipo vya chuo, huyu mtu alikuwa ameandikwa kama mfagizi. Si utani. Mwenyewe hakujua mpaka alipopiga gumzo na mfanyakazi mwenzake mweusi wakalinganisha vyeo. Akaenda kuuliza, akasema wazi kwamba kama hawezi kulipwa kwa kazi anayoifanya ataondoka, na pesa zikaongezwa kidogo.

Hii tabia yake naipenda. Hakuwa mtu wa kelele. Katika miezi ya kwanza alikosea kitu maabarani, Blalock akamfokea na kumtukana. Thomas akamsikiliza mpaka mwisho, akabadilisha nguo, kisha akamfuata ofisini kumwambia amlipe siku zake aende, kwa kuwa kwao hakulelewa kuzungumziwa hivyo. Blalock akaomba msamaha na kuahidi haitatokea tena. Kumbuka hapo ni Tennessee ya 1930, na huyo anayesema hivyo ni kijana mweusi asiye na kazi nyingine inayomngoja. Nadhani ilikuwa ya familia, kwa sababu baadaye kakake Harold, aliyekuwa mwalimu, aliishtaki bodi ya elimu ya Nashville kwa kuwalipa walimu weusi mshahara mdogo kuliko wazungu, na akashinda.

Mwaka wa 1938 wakajaribu kitu kingine pale Vanderbilt. Walichukua mshipa unaopeleka damu mkononi wakauunganisha na ule unaopeleka damu kwenye mapafu, wakitumaini kupandisha shinikizo la damu ndani ya mapafu ya mbwa ili walichunguze. Shinikizo halikupanda. Jaribio likafeli, wakaliweka kando. Likumbuke hilo jaribio, linarudi.

Blalock akaanza kutafutwa na hospitali kubwa. Moja ya Detroit ilimtaka, ila haikuwa inaajiri watu weusi, naye akakataa kwenda bila Thomas. Mwaka wa 1941 Johns Hopkins, kule Baltimore, ikamchukua awe mkuu wa upasuaji, na Thomas akaenda naye, pamoja na mkewe Clara na mabinti wao wawili wadogo. Baltimore haikuwapokea vizuri. Nyumba zilikuwa ghali na za kubanana. Hospitalini vyoo vya weusi vilikuwa mbali na vya wazungu, na mtu mweusi pekee uliyetarajia kumwona kwenye ujia ni anayesukuma ufagio. Thomas alipopita na koti jeupe la maabara watu walikuwa wanageuka kumtazama.

Sasa aje mtu wa tatu, Dkt Helen Taussig. Huyu ndiye daktari wa moyo hasa, yule wa kusikiliza kifua. Ila alikuwa haisikii vizuri. Alikuwa amepoteza uwezo mwingi wa kusikia, kwa hivyo alijifunza kuusoma moyo wa mtoto kwa kuweka vidole kifuani. Aliposoma Harvard, chuo kilikuwa hakiwapi wanawake digrii ya udaktari, ndipo akaenda Hopkins kuitafuta. Kwa hiyo katika hadithi hii kuna wawili waliofungiwa mlango. Mmoja aliupata mwingine. Mmoja hakuupata.

Taussig alikuwa anaongoza kliniki ya moyo ya watoto, na kliniki hiyo ilikuwa imejaa watoto wa rangi ya buluu. Midomo buluu, kucha buluu. Wanatembea hatua chache wanachuchumaa kutafuta pumzi. Wengi wao walikuwa na tatizo linaloitwa Tetralojia ya Fallot, yaani kasoro nne ambazo mtoto huzaliwa nazo kwa pamoja. Kuna tundu kwenye ukuta unaogawanya vyumba vya chini vya moyo. Njia ya damu kwenda mapafuni ni nyembamba. Mshipa mkuu wa kutoa damu umekaa juu ya lile tundu badala ya upande wake. Na msuli wa upande wa kulia umekuwa mnene kwa kusukuma kwa nguvu kupita kiasi. Matokeo ni kwamba damu nyingi inarudi mwilini bila kupita mapafuni kuchukua oksijeni. Mtoto anakosa hewa hali anapumua.

Taussig aligundua kitu ambacho wengine walikuwa wanakipita. Kila mtoto huzaliwa na kimshipa kidogo kinachounganisha mishipa miwili mikubwa karibu na moyo, na kwa kawaida hujifunga siku chache baada ya kuzaliwa. Wagonjwa wake walikuwa wanazidiwa pale kinapojifunga. Waliobaki nacho wazi walikaa vizuri zaidi. Basi akawaza, kwa nini tusiwatengenezee kingine? Kwake ilikuwa kazi ya fundi wa mabomba, maji hayafiki hapa, vuta paipu kutoka pale. Mwaka wa 1943 akawapelekea Blalock na Thomas hilo wazo.

Na wao walikuwa tayari wanayo hiyo paipu. Lile jaribio lililofeli.

Blalock alimwachia Thomas kazi yote ya kuthibitisha. Kwanza ilibidi amtengeneze mbwa mwenye ugonjwa unaofanana na wa wale watoto. Kisha amponye kwa kuunganisha mishipa. Ilimchukua karibu miaka miwili na mbwa wapatao 200. Wapenzi wa wanyama mtanisamehe, hiyo ndiyo bei iliyolipwa na sitaificha. Mmoja aliyepona akaishi muda mrefu aliitwa Anna, na picha yake ilitundikwa pale Hopkins. Vifaa vya kushona mishipa midogo vilikuwa havijatengenezwa, kwa hivyo Thomas alikata sindano, akazinoa upya, akarekebisha vibanio. Yule seremala hakuwa amekwenda mbali.

Tarehe 29 Novemba 1944 wakamleta Eileen, mtoto wa kike wa miezi 15 mwenye uzito wa kilo nne hivi. Mtoto wa miezi 15 mwenye uzito wa mtoto mchanga. Mshipa wa kushonwa haukuzidi unene wa kijiti cha kiberiti. Blalock alikuwa ameufanya upasuaji huo mara chache mno. Aliyeufanya mara nyingi alikuwa Thomas, na Thomas hakuruhusiwa kumgusa mgonjwa. Basi akawekewa kigoda nyuma ya bega la kulia la Blalock, akapanda juu yake akitazama kila mshono. Blalock alikuwa anasimama kumuuliza: kipande hiki kinatosha urefu, nianzie upande gani, mishono imekaribiana vya kutosha? Pale Blalock alipogeuza sindano upande usiofaa, Thomas alimrekebisha kwa sauti ya chini. Madaktari wengine waliokuwa chumbani wote waliona ni nani anayeulizwa.

Sitadanganya kwamba iliisha kwa shangwe. Eileen alitoka chumbani hai, akapata nafuu kwa miezi kadhaa, kisha buluu ikarudi. Wakajaribu tena. Akafariki muda mfupi kabla ya kutimiza miaka miwili. Lakini miezi yake hiyo ilionyesha kwamba inawezekana. Februari 1945 wakafanyiwa watoto wengine wawili, na wa tatu, mvulana wa miaka sita, midomo yake iligeuka kutoka buluu hadi waridi akiwa bado mezani. Baada ya hapo wazazi walimiminika Baltimore kutoka kila pembe ya Marekani na nchi za ng'ambo, wamebeba watoto mikononi. Ndani ya mwaka mmoja zaidi ya 200 walikuwa wamepasuliwa.

Mei 1945 makala ya kitaalamu ikatoka. Majina ya waandishi: Blalock na Taussig. Upasuaji ukapewa jina lao wawili. Thomas hakutajwa hata kwenye mstari wa shukrani.

Huyu Blalock mimi sijui nimweke wapi. Alikataa kazi ya Detroit kwa ajili ya Thomas. Alimpandisha juu ya kile kigoda mbele ya madaktari wazungu. Halafu ilipofika zamu ya kuandika jina lake, kalamu ikakauka. Na jioni za sherehe nyumbani kwake, Thomas alikuwa anakuja kuhudumu vinywaji ili aongeze mapato, akiwamiminia pombe vijana waleule aliokuwa anawafundisha upasuaji mchana.

Ilifika 1946 Thomas akamwambia kwamba afadhali arudi Nashville kujenga nyumba, maana familia haili sifa. Hapo ndipo mshahara ulipandishwa kwa maana, akawa miongoni mwa wasaidizi waliolipwa vizuri zaidi pale Hopkins.

Na sasa tufike mahali ambapo mimi huwa nakwama kila nikisoma maisha ya huyu mzee. Mwaka wa 1947 alienda Chuo Kikuu cha Morgan State kuulizia nafasi. Bado alitaka kuwa daktari. Alitumaini kwamba kazi aliyoifanya, pamoja na ile iliyokuwa inazungumzwa dunia nzima, ingehesabiwa. Haikuhesabiwa. Angeanza mwaka wa kwanza na watoto waliotoka shule jana. Akapiga hesabu, akaona atakuwa karibu na miaka 50 akimaliza yote, na ana mke na mabinti wa kulisha. Akaacha.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilishinda, sina hadithi ndefu. Na tangu siku hiyo nimetumiwa kila aina ya ujumbe kwamba digrii ni karatasi tu, tazama fulani, tazama fulani, wote waliacha shule wakawa mabilionea. Wengine walinitumia huyuhuyu Vivien Thomas. Nilimpenda kwa sababu hiyo, kusema kweli. Nilidhani ni wangu. Mpaka niliposoma vizuri nikakuta jamaa hakuiacha shule, shule ndiyo ilimkimbia, na aliifuata tena akiwa na miaka 37. Karatasi hiyo ilimnyima mshahara, ilimnyima jina, na ilimnyima ruhusa ya kumgusa mtoto ambaye yeye ndiye alijua jinsi ya kumwokoa. Upande wa pili, waliokuwa na karatasi walisimama pale wakimwuliza wapite wapi. Yote mawili ni kweli na hakuna linalofuta lingine. Na kabla ya siku ya kigoda alikuwa amekaa maabara karibu miaka 15. Mimi sijakaa kwenye kitu chochote miaka 15, hata Twitter.

Alirudi kwenye meza yake. Akaongoza maabara ya upasuaji pale Hopkins kwa miongo kadhaa. Kila daktari kijana aliyetaka kuwa mpasuaji alipitia mikononi mwake kujifunza jinsi ya kushika mshipa bila kuuchana. Denton Cooley, aliyekuwa bado daktari mwanafunzi chumbani siku ya Eileen, alikuja kuwa mtu wa kwanza kuweka moyo wa bandia ndani ya binadamu mwaka wa 1969. Wengine walikwenda kuongoza idara za upasuaji kwenye vyuo vikubwa. Thomas pia aliwachukua vijana weusi wasio na vyeti akawafundisha kazi ya maabara kwa namna aliyojifunza yeye, kwa kufanya. Na madaktari weusi walipoanza hatimaye kupokelewa Hopkins, walikuta mlango wake wazi. Mmoja wao, Levi Watkins, mwaka wa 1980 ndiye aliyempandikizia mgonjwa kwa mara ya kwanza kile kifaa cha kuushtua moyo uliopoteza mapigo.

Blalock alifariki 1964. Mwaka wa 1971 wale wanafunzi, wakiwa sasa vigogo wenye mvi, walichanga pesa wakachorewa picha ya Thomas, ikatundikwa karibu na ya Blalock. Mwaka wa 1976 Hopkins ikampa digrii ya heshima. Kwa sababu ya kanuni za chuo haikuweza kuwa ya udaktari wa tiba. Ikawa ya sheria. Kwa hiyo watu wakaweza kumwita Daktari Thomas, daktari wa sheria, mtu ambaye hajawahi kukanyaga mahakamani kumtetea mtu. Mwaka huohuo akateuliwa rasmi kuwa mhadhiri wa upasuaji. Alikuwa amefundisha upasuaji pale kwa miaka 35.

Filamu ya maisha yake ilitoka 2004, na aliyemwigiza ni Mos Def, ndiyo, yule wa rapu. Siku hizi madaktari wengi wanauita upasuaji ule kwa majina matatu, Blalock-Thomas-Taussig. Bado unafanywa, kwa mtindo uliobadilishwa kidogo, kwa watoto ambao hawajawa tayari kwa ukarabati mkubwa wa moyo.

Alistaafu 1979 akaanza kuandika maisha yake mwenyewe, kwa utulivu uleule, bila kumshambulia mtu. Saratani ya kongosho ikamchukua tarehe 26 Novemba 1985. Kitabu kilitoka siku chache baadaye, na safari hii jina lililokuwa kwenye jalada lilikuwa lake.